Ombi la Kuachiwa Uvimbe Wangu wa Kushoto

Kwa Sista Mkuu,
Kliniki ya Sukari,
chumba cha mwisho, mlango wa kijani.

Mheshimiwa Sista Mkuu,

Shikamoo. Dakika hii hii ninapoandika, mwanangu amemlaza chali mwanasesere wake wa kitambaa, amemfunua tumbo, amempangusa kwa kipande cha pamba alichookota sijui wapi, kisha amemchoma kwa kijiti cha kiberiti upande wa kushoto wa kitovu. Hakukosea hata kidogo. Amehesabu kama ninavyohesabu mimi, moja, mbili, tatu, tano, kwa sababu nne bado hawajajuana, akachomoa kijiti, akapuliza, akamwambia, "Pole mama, tumemaliza." Halafu akaniangalia kuona kama nimefurahi. Nilifurahi, Sista, hata machozi yakanilenga. Kisha nikakumbuka kwamba pale alipomchoma ndipo ulipokataza pasichomwe tena, nikaona heri nishike kalamu kabla jambo hili halijaingia kizazi cha tatu.

Mimi ni yule mpiga pasi, mama wa mtoto tunayemwita Babu kwa kuwa amerithi jina la babu yake mzaa baba. Unanijua. Ni yule ambaye mtoto alimvuta blauzi mbele ya benchi zima, ukaona tumbo, ukamwambia kwamba amejifugia nundu kama ngamia. Watu walicheka, na mimi nilicheka ili wasicheke peke yao. Sikusoma sana, kwa hiyo pale nitakapokosea adabu katika maandishi haya ujue ni kalamu iliyokosea, moyo wangu umepiga magoti.

Shida yenyewe ni moja, nakuambia mapema usije ukachoka njiani. Mama mkwe wangu, ambaye mimi namwita Mama, anakuja Jumapili na begi kumchukua Babu akakae kwake mpaka sukari yangu itulie na nyie mseme imetulia. Baba yake Babu yuko mbali kwenye kazi ya barabara. Kwenye simu anasema ndiyo kwangu, halafu anasema ndiyo kwa mama yake, kisha salio linaisha. Kwa hiyo aliyebaki wa kunisaidia ni wewe. Nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba kama mnavyotupanga sisi.

1. Kuhusu nukta

Sukari ilinianza nikiwa na mimba ya Babu, nikaambiwa itaondoka nikijifungua. Babu alitoka, yenyewe ikabaki. Nikaletwa kwako kufundishwa kujichoma mwenyewe. Ukutani pako pana picha ya mtu asiye na uso wala nguo, amefungua mikono kama anayepimwa suti. Kushoto kwa kitovu chake kuna nukta nyekundu. Uliigonga kwa kalamu ukasema, "Hapa." Ukatuuliza kama tumeelewa, tukaitikia ndiyo kwa pamoja, maana foleni ilikuwa imefika getini na mkono wako tayari ulikuwa kwenye kitasa.

Nikaelewa kwamba hapa ni hapa. Ungetaka hapa na pale, ungesema hapa na pale. Nilipofika nyumbani nilisimama mbele ya kioo, nikajilinganisha na yule bwana wa ukutani, nikajiwekea alama yangu kwa kalamu ya wino. Ikifutika nikioga, naichora upya. Sijawahi kutoka nje ya alama ile hata kwa upana wa punje ya mchele. Kama darasani kwenu mngekuwa mnatoa zawadi kwa utii, ningepata ndoo.

Na sikuwa peke yangu. Kwenye benchi lako la Alhamisi tunajuana bila kusalimiana, kila mmoja amelegeza kiuno cha nguo upande ule ule. Yule mzee fundi saa uvimbe wake anauita mpangaji. Anasema uliingia kama unapita tu, haulipi chochote, na sasa unaongeza chumba. Sote tulifuata nukta yako, Sista, halafu ukatugombeza kwamba tumechoma mahali pamoja kama watu waliokatazwa kufikiri. Nakubali kwamba hatukufikiri. Lakini nani alituambia siku ile kwamba na kufikiri kumo?

2. Kuhusu ngozi yenyewe, ambayo ilisema mapema kuliko mimi

Uvimbe haukuja ghafla, hilo naomba lijulikane. Kwanza palikuwa pekundu na panawasha, vipele kama vya kung'atwa na siafu. Nikaja. Kule dirisha la dawa nikaambiwa, bila mtu kuinua kichwa, nibadilishe sabuni. Nikabadilisha. Nilipokuja tena nikaambiwa ni nguo inabana. Nikabadilisha nguo. Mara ya tatu nikaulizwa kama ninalala upande huo. Nikabadilisha upande wa kulala, na kwa kweli kilichobaki kubadilishwa kilikuwa ni mume.

Hakuna aliyesema nifunue apaone. Kila mtu alitazama kadi yangu. Ile kadi mnaifahamu sana, mnaigeuza mbele na nyuma, mnaishika kwa mikono miwili. Wakati mwingine nilitamani ningekuwa kadi.

Halafu kuna sindano. Mlinipa chache, mkasema moja itumike na itupwe, na hapo hapo mkasema zikiisha nisubiri. Sasa mwenye kusubiri sindano, sukari yake nayo inasubiri? Kwa hiyo niliitumia moja mpaka ikawa inapiga hodi kama mgeni mwenye haya, hodi ya kwanza, hodi ya pili, ndipo inaingia. Pale pa nukta pakavilia damu, pakapona, pakavilia tena. Siku moja nikachoma nisisikie chochote. Hata kidogo. Nilifurahi kama mtu aliyehamia nyumba yenye maji ndani. Chini ya kidole kulikuwa na kitu laini kama donge la unga uliokandwa ukaachwa uumuke. Nikasema moyoni, haya, mwili umenitengenezea mto wa sindano.

3. Kuhusu kuitwa mwizi wa sukari

Tangu uvimbe ule ukae vizuri, vipimo vyangu vikaanza kupanda. Leo juu, kesho juu zaidi, keshokutwa chini bila taarifa. Ukaniuliza ninakula nini. Nikakutajia. Ukasema, hicho ndicho unachonitajia, nataka kile unachokula ukijificha. Sista, mimi nina mtoto mdogo. Hata chooni siendi peke yangu. Ningejificha wapi?

Lakini neno la hospitali likishatoka linafika kwetu kabla yangu. Mama aliposikia kwamba ninakula kwa siri alichukua ulinzi. Anakaa mtaa wa pili, lakini kwetu anafika kila siku bila kukosa. Akiingia, hapepesi macho kwenye kabati kama askari wengine. Anapitisha mkono rafu moja baada ya nyingine, anatikisa kila kopo na kulisikiliza. Kisha ananiita karibu, "Mwanangu, hebu nisalimie vizuri," na nikimsalimia ananusa. Nimenuswa asubuhi, nimenuswa jioni. Siku moja nilikuwa nimekula kitunguu kibichi makusudi, akanusa, akakohoa, akasema huyu anafunika kitu.

Babu naye akaajiriwa. Akiulizwa mama amekula nini leo, anajibu "biskuti," kwa sababu hilo ndilo neno analolipenda kuliko yote aliyonayo. Kesi yangu ikawa imeisha hapo.

Ni wewe mwenyewe, siku ile ya ngamia, uliyesema kwamba dawa ikichomwa kwenye uvimbe hailoweki mwilini vizuri, inalala humo humo, inatoka inapotaka. Kwa hiyo nauliza kwa heshima. Ikiwa dawa imenywewa na uvimbe, kwa nini nilinuswa mimi? Mwenye kosa anajulikana, anwani yake inajulikana, hajatoroka. Naomba aitwe yeye akae kwenye benchi, agombezwe yeye, aulizwe kile anachokula akijificha.

4. Kuhusu amri ya kuhama

Ulisema, "Kuanzia leo hapo usiguse, choma kwingine." Ukaita namba iliyofuata. Kwingine ni wapi hukusema, na kipimo cha dawa kiwe kipi hukusema pia, nami sikuuliza kwa sababu yule wa namba iliyofuata alikuwa tayari amekalia nusu ya kiti changu.

Nikatii. Nilichagua paja kwa kuwa lilikuwa karibu. Nikalichoma kipimo kile kile nilichozoea kuulisha uvimbe, nikambeba Babu, nikaenda kazini. Nafanya kazi dukani kwa dobi. Mimi napiga pasi, Babu anakaa chini ya meza na vibanio vyake vya nguo. Siku hiyo nilikuwa na shati jeupe la bwana harusi. Nikiwa kwenye kola, mikono ikaanza kutetemeka. Jasho likanitoka, la baridi. Shati moja likawa mashati mawili, na mimi kwa bidii yangu nikaanza kupiga pasi lile ambalo halikuwepo.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, Dobi ananinywesha soda kwa kijiko. Kola ilikuwa imeungua, na pasi ilikuwa imeanguka karibu kabisa na miguu ya Babu, imetoboa sakafu ya plastiki, moshi unatoka. Babu hakuguswa. Alikuwa amenibana vibanio kwenye nywele, kimoja kimoja, ili niamke. Dobi ni mtu wa kufokea hata vifungo, lakini siku hiyo alizungumza kwa sauti ya chini mpaka nikaogopa. Alisema, "Shati nitalieleza. Huyu ningemwelezaje?"

Habari ilifika kwa Mama kabla sijafika mimi. Yeye siku zote humtania Babu kwa jina la mumewe, anamwita mume wangu, anamwambia mwenzako leo hujaniachia hela ya mboga, na Babu anampa kibanio. Jioni ile alimkalisha mapajani, akampapasa uso, masikio, vidole vya miguu kimoja kimoja. Akasema, "Mume wangu naondoka naye Jumapili." Safari hii hakucheka.

Sasa pima mwenyewe, Sista. Uvimbe wangu nimekaa nao tangu Babu hajaota meno, haujaniangusha hata siku moja. Paja limeniangusha siku ya kwanza ya kazi. Ingekuwa ni wafanyakazi wawili, Dobi angemfukuza yupi?

Nimerudi kwenye uvimbe siku hiyo hiyo, na nakuandikia nikiwa humo.

5. Kuhusu sifa za uvimbe ambazo hazijawahi kutajwa katika kliniki yako

Hauumi. Hilo pekee lingetosha.

Babu akilia usiku anaulalia, shavu lake linaenea pale sawasawa, analala. Upande wa kulia alijaribu, akakataa.

Umeniletea heshima pia. Kuna kipindi ulifura vizuri sana, wifi yangu akauona chini ya gauni, akaenda kutangaza kwamba nina mimba. Mtaa mzima ukanipisha kwenye bomba la maji. Dobi akaniletea kiti. Mama mwenyewe aliacha kuninusa kwa juma zima, akanipikia mchuzi wenye nyama halisi, akaniambia nisiinue ndoo. Mimi sikusema ndiyo wala sikusema hapana, nilikula. Ilipojulikana kwamba ni uvimbe, ndoo ilirudi siku ile ile, lakini nyama ilikuwa imeshaingia.

Baba yake Babu naye akipiga simu anauliza, hamjambo wote watatu? Nikamuuliza watatu kina nani. Akasema wewe, Babu, na yule wa kushoto. Mwanamume aliye mbali kukumbuka nyumba yake kwa hesabu kamili si jambo dogo.

6. Kuhusu nani hasa ndiye mgonjwa wako

Nimelifikiria hili nikiwa napiga pasi mashuka, ambayo ni kazi ndefu. Ikiwa dawa ya hospitali inaingia kwenye uvimbe na inakaa huko, basi anayetibiwa ni uvimbe. Mimi ni kama mtu wa kuusindikiza. Natembea nao kuja kliniki, napanga nao foleni, wenyewe unapata dawa, mimi napata maneno. Na ukiutazama, una afya. Umenawiri. Hauna presha. Ukitaka kuonyesha wageni wa kliniki yako mgonjwa mmoja aliyestawi kwa dawa zenu, uonyeshe huo.

Tena umetengenezwa kwa dawa yenu, kwa sindano yenu, juu ya nukta yenu. Mimi nimetoa kiwanja tu. Kwa hiyo kuniambia niuache ni sawa na kuniambia nitelekeze mali ya hospitali, na mimi sina tabia hiyo.

Kutokana na hayo naomba yafuatayo, na si lazima yote kwa pamoja.

Kwanza, uvimbe upewe kadi yake, ili mkitaka kuutazama mpate pa kutazama. Pili, yule bwana wa ukutani achorwe na yeye uvimbe kushoto kwa kitovu. Amechomwa nukta ile miaka yote na hajafura, anatufanya sisi tuonekane waongo. Tatu, kama ni lazima nihame, basi uje na kalamu yako nyekundu unichoree nukta mpya kwa mkono wako, hapa na pale na kule, uandike na kipimo pembeni. Bila nukta sichomi. Nimeshajaribu kufikiri mwenyewe mara moja, nikaunguza shati.

La nne ndilo ninalolitaka, hayo mengine hata ukiyapitia juu juu sitalalamika. Naomba umwambie Mama, kwa maneno yoyote yenye sauti ya hospitali, kwamba mwanamke mwenye uvimbe anaruhusiwa kukaa na mtoto wake. Mwambie kwamba hauambukizi, kwamba mtoto haurithi, kwamba mama mwenye uvimbe anajua kuosha uso wa mtoto, kumpoza homa na kumwimbia. Mwambie kwamba mimi nikiwa sina Babu hakuna kipimo kitakachotulia, kwa sababu ni yeye anayenikumbusha saa ya sindano. Anakuja na pamba.

Ninaamini utalifanya. Mtu aliyechora nukta ile kwa uangalifu vile hawezi kuwa na roho mbaya, ni haraka tu.

Nakushukuru kwa muda wako, ambao najua haupo. Nisalimie daktari wa zamu, dada wa dirisha la dawa na shingo yake, mlinzi wa geti anayempa Babu filimbi apulize, mzee fundi saa pamoja na mpangaji wake, na benchi lote la Alhamisi kuanzia mwanzo hadi kwa yule anayesinzia. Yule bwana wa ukutani pia, mwambie ashushe mikono apumzike.

Wako katika utii, ndani ya alama,

Mama Babu,
mpiga pasi.

Tanbihi.

Sista, barua hii ilikuwa imeshakunjwa. Leo ni Jumapili, na Mama amefika na begi. Nikaona kabla sijaileta kwako nimsomee yeye kwanza, ajue kwamba ninajitetea kwa adabu. Alikaa mlangoni, Babu kwenye mapaja. Pale pa kunusa niliruka, lakini alijua nimeruka, akaniambia rudi ulikotoka. Kwa mpangaji alicheka sana. Nilipofika kwenye sifa za uvimbe alikuwa amenyamaza, nikadhani nimemgusa moyo, nikaongeza sauti.

Akainua mkono ninyamaze. Akasema nifunge mlango. Akamteremsha Babu, akainua blauzi yake mwenyewe, akasema, "Lete mkono."

Kushoto kwa kitovu, Sista. Mkubwa kuliko wangu, na mgumu, umekaza kama ngumi.

Kumbe zile Jumanne anazotuaga kwamba anakwenda kwenye kikundi cha akina mama, huwa yuko kwenye benchi lako la wazee. Amechoma nukta ile ile tangu mume wangu hajanioa. Aliwaficha wanawe, alisema wakijua watamkalisha kwenye kiti na kumtafutia mtu wa kumpikia, na yeye kupikiwa hawezi. Mimi, kwa ujinga wangu, nikafurahi. Nikamwambia, si unaona Mama, hata wewe uvimbe umekutunza.

Akasema, "Umenitunza sana, mwanangu. Sikuwahi kuumia. Sasa nikimtazama mtoto huyu naona kivuli kina sauti."

Daktari wa macho ndiye aliyemweleza kwamba sukari yake ilikuwa juu miaka yote hiyo huku anachoma kila siku bila kukosa, dawa inalala tumboni pale, sukari yenyewe inapanda mpaka ikafika kwenye macho. La kushoto halina kitu. La kulia bado lina mwanga, anaona mtu akipita. Nilikaa pale na barua yangu mkononi. Nikamuuliza, sasa Mama, katika hali hiyo, Babu ulitaka kwenda naye ufanye nini. Alisema alitaka awe naye karibu hivi ambavyo bado kuna mwanga, na kwamba aliposikia mimi nimeanguka aliona ni yeye anaanguka mara ya pili baada ya macho, akaona amchukue mtoto kabla hatujamwangukia sote wawili. Hakuwa amefikiria nani angemwangalia nani.

Tukalia kidogo. Babu akatuletea pamba.

Kwa hiyo, Sista Mkuu, naomba ufute la tano na la sita, na kadi, na mchoro wa uvimbe ukutani, na yale yote niliyoandika kuhusu kustawi. Paja nalo nalisamehe. Babu haendi kokote. Mama ndiye anayehamia kwetu, begi lilelile litaleta nguo zake kesho, na wanawe nitawaambia mimi kwa lugha ambayo haitamkalisha kwenye kiti. Nimehama kwenye uvimbe tangu sasa, ila sijui nihamie wapi wala kwa kipimo gani, na naogopa kuanguka tena, hilo ndilo la kweli katika barua nzima. Alhamisi tunakuja wawili. Tunaomba utushike tumbo kwa mkono wako, utuambie wapi kwa zamu ya leo na wapi kwa zamu ya kesho, kipimo kipungue kiasi gani tukihama, na useme pole pole. Mimi nitamshikia Mama mkono mahali penyewe mpaka vidole vyake vipazoee. Mimi bado kijana, ngozi ninayo nyingi sana ambayo haijaguswa, najihesabia bahati. Nilitaka pia nikuulize, na kwa hili usinijibu haraka, kama mtu akianza sasa kuchoma vizuri, ule mwanga uliobaki kwenye jicho la kulia unaweza kukaa, angalau mpaka Babu aanze

samahani, Mama ananiita uani, anauliza Babu amekwenda wapi, na Babu yuko pale pale mbele yake, amemnyooshea mikono abebwe, na